Ujira wa Wapagazi wa Kariakoo

Anayevuka kwenda Kigamboni asubuhi hana muda wa kuwaza historia. Anawaza pantoni liko upande gani, na kama atapata pa kusimama mbali na matenga ya samaki. Lakini maji hayo ya Feri, membamba hivyo, yaliwahi kumvusha Rais wa nchi akiwakwepa askari wake mwenyewe.

Ilikuwa Januari 20, 1964. Usiku wa kuamkia siku hiyo askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara uongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Mwalimu Nyerere na Rashidi Kawawa walitolewa Ikulu, wakavushwa hadi Kigamboni, wakafichwa huko. Mjini, na hasa Kariakoo, maduka yaliporwa na watu walikufa. Siku tano baadaye makomandoo wa Kiingereza waliteremka, na maasi yakazimwa. Jeshi lile lilivunjwa, na mwezi Septemba mwaka uleule likaundwa Jeshi la Wananchi.

Sina nia ya kuwatetea walioasi. Nimeanza nao kwa sababu wanatuonyesha jambo ambalo kila serikali inalijua: mtu mwenye bunduki akisema mshahara hautoshi, anasikilizwa siku hiyohiyo. Ukitembea kutoka Feri kwa dakika kama arobaini, unafika mahali palipoitwa kwa jina la watu waliolitumikia jeshi bila kupewa bunduki. Hao walidai nini, nani aliwasikiliza, na kanisa lilikuwa wapi? Ndiyo habari ninayotaka tuitembelee pamoja, kwa miguu, tukipita mitaa tunayoijua.

Kabla ya kuondoka, tufungue Luka sura ya 3. Yohana yuko Yordani anabatiza, na watu wanamuuliza wafanye nini. Wanakuja watoza ushuru, na nyuma yao wanakuja askari. Sidhani kwamba Luka aliwaweka karibu hivyo kwa bahati tu. Mtoza ushuru ndiye anayeleta chakula cha askari, na askari ndiye anayemsindikiza mtoza ushuru. Yohana hakuwaambia waache kazi. Mmoja alimwambia asitoze zaidi ya alichoagizwa, mwingine akamwambia asimnyang'anye mtu na aridhike na mshahara wake. Maana yake mshahara huo ulikuwepo. Ambaye hayupo katika foleni ile ni mtu wa tatu, yule aliyebeba mzigo wa askari. Huyo tutakutana naye mbele.

Nitoe mfano mmoja wa mbali, kwa kuwa unaonyesha jinsi watu wengine walivyolimaliza deni la jeshi hadharani. Mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliwalazimisha Waskoti watumie kitabu kipya cha sala. Walikataa, na ugomvi wa ibada ukawa vita. Kufikia mwaka 1640 jeshi la Waskoti lilikuwa limekalia wilaya za kaskazini mwa Uingereza pamoja na mji wa Newcastle, na mfalme alilazimika kukubali kuwalipa pauni 850 kila siku mpaka amani ipatikane. Jeshi lake mwenyewe nalo lilikuwa halijalipwa. Majeshi mawili yamesimama na silaha, yote yanadai. Basi mwezi Julai 1641 Bunge likapitisha kodi ya kichwa ili majeshi yote mawili yalipwe yaende nyumbani. Ninachotaka tukione ni viwango vyake. Mtu wa cheo cha juu kabisa, chini ya nyumba ya kifalme, alitakiwa kutoa pauni 100, na mtu wa kawaida senti sita za Kiingereza. Piga hesabu: yule wa juu alitoa mara 4,000 ya wa chini. Fedha zilikuja kwa kusuasua, matajiri wakajishusha vyeo kama ilivyo desturi ya matajiri kila mahali, lakini Waskoti walilipwa na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamerudi kwao. Haikuzuia vita kubwa zaidi mwaka uliofuata. Hata hivyo deni lilitajwa kwa jina, likagawanywa kwa uwezo wa mtu, na aliyedai akapewa.

Sasa tutembee. Kutoka Feri tunafuata barabara ya Kivukoni, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Mbele kuna makanisa mawili ya zamani, Kilutheri la Azania Front na Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalijengwa wakati wa Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Katika miaka ileile kuta zao zilipokuwa zikipanda, kodi ya nyumba nayo ilikuwa ikianza. Gavana Eduard von Liebert, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali, aliiagiza mwaka 1897 na ikaanza kukusanywa mwaka 1898. Vijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba. Mjini ilizidi kufuatana na aina ya jengo. Nyumba ya mjane rupia 3, nyumba ya mwenye ng'ombe mia rupia 3. Hapa hapakuwa na mara 4,000.

Aliyekuja kudai alikuwa jumbe au akida, na nyuma yake askari. Sehemu kubwa ya matumizi ya koloni ilikuwa ni hao askari na polisi, kwa hiyo mwanakijiji alikuwa anamlipa mtu aliyesimama mlangoni kwake kumlazimisha alipe. Mwanzoni asiye na fedha aliruhusiwa kuleta nafaka au kufanya kazi. Baadaye ilidaiwa fedha taslimu, na fedha hupatikani nayo mpaka ukafanye kazi kwenye shamba la mzungu au uuze mazao kwa bei anayotaka mnunuzi. Hilo nalo lilikuwa lengo.

Rupia hiyo ya fedha ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Kila mkristo aliyeishika mkononi alikuwa na swali la Bwana wetu mbele ya macho, kwamba sura hii ni ya nani. Tangu mwaka 1904 rupia iligawanywa katika heller 100, na kutoka hapo tukapata neno hela. Tunalitumia kila siku, tunasema hela ya sadaka, hela ya mchango, na hatukumbuki limetoka wapi.

Mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba, na vita ya Maji Maji ikasambaa kusini yote. Kodi haikuwa sababu pekee. Kulikuwa na pamba ya lazima, viboko na dharau. Lakini kodi ilikuwamo. Kanisa lilijikuta katikati: Askofu Cassian Spiss wa Dar es Salaam, Mbenediktini, aliuawa pamoja na wenzake mwezi Agosti mwaka huo wakiwa safarini kusini. Waliomuua hawakuona tofauti kati ya msalaba na bendera. Jambo hilo linaumiza, na pengine ndiyo maana hatulizungumzii sana. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000.

Tuache bahari, tuingie barabara ya Samora mpaka kwenye Sanamu ya Askari. Wazee wanapaita Bismini. Hapo kwanza kulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 wakaizindua hii tunayoijua: askari mweusi wa shaba, ameinama kidogo, bunduki na singe mbele, ameelekea bandarini. Daladala zinapita, watu wanapigana picha. Wachache wanasogea kusoma maandishi. Ukisoma utaona wapagazi nao wametajwa. Lakini ukiinua macho juu ya nguzo, mpagazi hayupo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika huku Agosti 1914 na ikaishia Novemba 25, 1918, siku Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini kule Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Jeshi lilipigana ndani ya nchi isiyo na barabara za magari, ambamo farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Risasi, unga, mahema, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilipita juu ya vichwa vya wapagazi. Kila askari mmoja wa mstari wa mbele alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na wapagazi nao walihitaji wapagazi wa kuwabebea chakula.

Upande wa Waingereza peke yake, walioandikishwa kwa muda wote wa vita walikaribia milioni moja. Wengi hawakujiandikisha, waliandikishwa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wetu, wakiwa na midomo ya Kiswahili, wakatamka kariakoo. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na kambi kubwa ya wapagazi ikawekwa katika eneo nyuma ya Mnazi Mmoja, ambako Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko. Kambi iliondoka, jina likabaki. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina hilohilo, kwa sababu hiyohiyo.

Mnazi Mmoja tunapita haraka, jua limepanda. Hapa ndipo Waingereza walipoacha uwanja wazi kuwatenga wakazi wa mjini na Waafrika wa upande wa pili. Vuka barabara, uko Kariakoo.

Mpagazi alilipwa nini? Aliyechukuliwa kutoka Kenya alipewa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha rupia 6. Askari alipata zaidi ya hapo sana. Na wakati vita ikiendelea, kodi ya nyumba huko Kenya ilipandishwa kutoka rupia 3 hadi 5. Kwa hiyo mwezi wa kwanza mzima wa kubeba mzigo wa kilo ishirini na kitu, kwenye mvua na matope ya Rufiji, ulitosha kulipia nyumba moja, na ikiwa una nyumba mbili ulikuwa na deni. Mtu huyo alikuwa analipa kodi ya serikali yenye vita, na hapohapo anabeba vita yenyewe kichwani.

Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa vichomi. Watu waliozoea ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi, wakapika kwa haraka, nusu mbichi, matumbo yakakatika. Hesabu rasmi ya Waingereza ya wapagazi waliokufa ni zaidi ya 90,000, na wanaoijua habari hiyo wanasema ni pungufu. Upande wa Wajerumani, wapagazi walikuwa wengi vilevile, na hakuna orodha yao.

Wasiochukuliwa walichangishwa kwa njia nyingine. Majeshi yote mawili yalipita vijijini yakichukua nafaka na ng'ombe. Wajerumani walilipa kwa noti za karatasi walizozichapa wakati wa vita, kwa kuwa sarafu zilikuwa zimeadimika. Vita ilipokwisha, noti hizo zikawa za kuwashia moto. Ugogo, uliofagiliwa na majeshi yote mawili, ulipatwa na njaa iitwayo Mtunya, ambayo wazee wa huko bado wanahesabia miaka kwayo. Mimi nasema hiyo nayo ilikuwa kodi, hata kama hakuna risiti.

Na kanisa? Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar, wa misheni ya UMCA, aliandaa kikosi cha wapagazi wa Zanzibar akatembea nao kwa miguu bara. Kule Kikuyu, Dakitari John Arthur wa misheni ya Waskoti aliwakusanya wakristo wapata 2,000 mwaka 1917, akaenda nao mwenyewe kama msimamizi wao. Waliokufa katika kikosi hicho walikuwa wachache ukilinganisha na vingine, kwa kuwa walikuwa na mtu aliyewajua kwa majina na aliyeangalia chakula chao. Unaweza kusema maaskofu na wamisionari hao waliwaokoa watu wao. Unaweza pia kusema waliwapeleka. Nadhani yote mawili ni kweli, na sioni njia ya kuchagua moja.

Weston alikuwa mkali kwa Wajerumani. Mwaka 1918 aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts kueleza jinsi walivyowatenda Waafrika, na Waingereza waliifurahia. Lakini mwaka 1920, serikali ya Kenya ilipotaka kuwalazimisha watu wafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi, aliandika tena, safari hii dhidi ya Waingereza wenzake, akiwaita Waafrika hao watumwa wa Uingereza. Hapo furaha ikapungua. Ndiyo maana namheshimu.

Vita ilipokwisha, kodi haikushuka. Kenya ilipandishwa mwaka 1920 hadi shilingi 16, ikashushwa hadi 12 baada ya malalamiko yaliyomtoa Harry Thuku na kuishia kwa watu kupigwa risasi Nairobi, Machi 1922. Tanganyika ilipata sheria yake ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka huo wa 1922.

Mishahara ya wapagazi waliokufa ilibaki. Mtu alikuwa ameandikishwa kambini kwa jina alilolisikia karani, au jina la mwingine, au wilaya isiyo yake. Nyumbani hawakupata habari, na hawakujua kama kuna cha kudai. Fedha zikaitwa zisizodaiwa. Wamisionari na baadhi ya maofisa wa serikali walipendekeza zitumike kwa faida ya Waafrika, kwa shule na hospitali. Mabishano kati ya Nairobi na London yaliendelea hadi miaka ya 1930, na jibu la Hazina ya Uingereza likabaki hapana. Hawa hawakuwa Waskoti waliokalia Newcastle, na wala hawakuwa na kambi ya Colito. Hapakuwa na mtu wa kuogopa.

Askari wa Lettow nao walikuwa na madai, na kisa chao kina maajabu yake. Mwaka 1964, mwaka uleule wa maasi ya Colito, Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee mia tatu na kitu walikusanyika Mwanza mbele ya mtu wa benki, na wachache tu ndio waliokuwa na cheti. Basi akampa kila mmoja fagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Nikisikia kisa hicho hucheka, kisha najiuliza mpagazi angefanyiwa mtihani gani. Angepewa mzigo aubebe?

Yakobo, sura ya 5 mstari wa 4, anazungumza juu ya ujira uliozuiliwa. Anasema ni ujira wenyewe unaolia, na kwamba kilio kinafika masikioni mwa Mungu. Miongoni mwa majina yote ya Mungu, Yakobo anachagua hapo kumwita Bwana wa majeshi. Nilisoma mstari huo kwa miaka mingi bila kulisimamia neno hilo. Siku nilipousoma nikiwa nimeketi kwenye benchi Kariakoo, nikisubiri mzigo wangu ufungwe na kijana mwenye mkokoteni, nililisimamia.

Soko la sasa lilibuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Miezi mitatu kabla ya moto huo, Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba wapagazi na askari wengi wa Afrika Mashariki hawakuandikwa majina popote, wala hawakupewa makaburi kama wenzao wa Ulaya, na ikaomba radhi. Radhi imekuja baada ya miaka mia moja na mitatu.

Kanisani kwetu kila Novemba tunasoma majina ya marehemu. Nimewaomba wazee wa kanisa waulize majumbani kama kuna ndugu aliyechukuliwa kariakoo asirudi, jina lake liandikwe na kuletwa. Karatasi ya kwanza nimeiandika mimi. Ni kaka yake babu yangu, kutoka upande wa Muheza. Nyumbani tunalijua jina lake moja tu, la ubatizo. Jina aliloandikishiwa kambini hatulijui, wala namba yake.